Shajara ya Mradi: Jezi za Besiboli Kutoka Ngazi Aliyopanda Gift Ngoepe

Februari 2024: Lengo na mipaka

Mradi ni kukusanya jezi za besiboli zilizovaliwa mchezoni, nikizipokea mkononi mwa wachezaji na makocha waliostaafu. Naandika hatua zake hapa ili mwenye nia kama yangu asianzie sifuri, awe anatafuta za besiboli huku Marekani au za kandanda kule nyumbani Tanzania. Kazi ni ileile.

Jezi za mastaa sina ubavu nazo, kwa hiyo nimejichagulia kipande kidogo. Naishi Pittsburgh, Pennsylvania. Tarehe 26 Aprili 2017, katika mji huu, Gift Ngoepe wa Randburg, Afrika Kusini, aliingia uwanjani na klabu ya Pittsburgh Pirates na kuwa mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Mrushaji mpira wa wapinzani alikuwa Jon Lester wa Chicago Cubs, na mara ya kwanza kabisa kushika gongo Ngoepe akaupiga mpira na kufika kituo cha kwanza salama.

Kwa asiyeujua mchezo huu: klabu kubwa ya besiboli ina mlolongo wa klabu ndogo chini yake, nyingi zikiwa katika miji midogo, na mchezaji hupanda moja baada ya nyingine. Wengi huishia njiani. Ngoepe alisajiliwa 2008, akacheza State College (ni jina la mji) 2010, West Virginia 2011, Bradenton 2012, Altoona kuanzia 2013, kisha Indianapolis, ndipo Pittsburgh ikamwita.

Ninachotafuta ni jezi moja kutoka kila kipandio cha ngazi hiyo, iliyovaliwa na mchezaji au kocha yeyote wakati klabu hiyo ilipokuwa chini ya Pirates. Si lazima iwe ya Ngoepe, na kwa kweli zake sizitafuti, zina wenyewe. Sinunui mnadani, na sitauza hata moja.

Kuna sababu nyingine ya kubaki kwenye klabu ndogo. Ligi kuu ina mpango wa uthibitisho tangu 2001: mtu maalumu hukaa uwanjani, huiona jezi ikivuliwa, na hubandika hologramu yenye namba. Ukiinunua jezi hiyo, ushahidi umeshakamilika na wewe kazi yako ni kulipa. Huku chini kwa kawaida hakuna hologramu. Ushahidi unaujenga mwenyewe, na hapo ndipo utamu wa shughuli ulipo.

Machi 2024: Barua

Toleo la kwanza la barua lilikuwa refu, limechapwa kwa kompyuta, na liliuliza kama mhusika "ana kumbukumbu zozote anazotaka kuachana nazo". Kimya kilikuwa kikubwa. Mchezaji mmoja wa zamani aliyejibu aliniuliza swali moja tu: wewe ni mfanyabiashara? Nilipoisoma tena barua kwa macho yake nikaona kweli, ilinuka udalali.

Toleo la pili limeandikwa kwa mkono, ukurasa mmoja. Linasema natoka Tanzania, linataja Ngoepe katika mstari wa pili, linaeleza ngazi, halafu linauliza: je, unayo jezi uliyoivaa ulipokuwa klabu fulani, na uliipataje? Ndani naweka bahasha ya kujibia yenye stempu. Majibu yalianza kuja. Wengi walisema hawana, lakini walisema, na wengine walinielekeza kwa mwenzao.

Swali la "uliipataje" lisiachwe. Kwa kawaida jezi za klabu ndogo ni mali ya klabu. Mchezaji huirudisha msimu ukiisha, huinunua, au hupewa na mtunza vifaa ambaye ndiye bwana wa chumba cha kubadilishia nguo. Jezi ikiwa iliondoka mlangoni kimyakimya, bora uijue hadithi hiyo mapema kuliko kuisikia kwa wakili wa klabu.

Anwani za nyumbani sizichimbi. Wachezaji wengi wa zamani sasa ni makocha wa shule na vyuo, na anwani ya shule iko wazi kwa kila mtu. Wengine nawaandikia kupitia ofisi ya klabu yao ya zamani. Njia hiyo ni ndefu zaidi, lakini hakuna anayeshtuka kuona mgeni amejua nyumba yake ilipo.

Stempu moja ni senti 68, na kila barua inakula mbili.

Aprili 2024: West Virginia, jezi iliyofuliwa

Jezi ya kwanza imefika kutoka kwa mdakaji wa zamani wa West Virginia Power, yaani yule anayechutama nyuma ya mpigaji kudaka mpira. Klabu hiyo ya Charleston ilikuwa chini ya Pirates kuanzia 2009 hadi 2018, na yeye alicheza katikati ya kipindi hicho. Hakutaka malipo. Nililipia posta tu, dola 14.

Nilipofungua kifurushi, harufu ya sabuni ikanipokea. Familia yake, kwa ustaarabu wao, waliona si heshima kumtumia mgeni nguo chafu, wakaitia kwenye mashine na kuipiga pasi juu. Udongo mwekundu wa uwanjani, jasho la kola, doa begani la ulimbo unaopakwa gongo lisiteleze, vyote vilikwenda na maji. Kwa mkusanyaji hivyo ndivyo vilivyokuwa mali.

Niliiweka kando, nikidhani imebaki kuwa zawadi nzuri isiyothibitika. Baadaye nikaigeuza mgongo chini ya taa ya mezani. Mdakaji huvaa kinga ya kifua, na mikanda ya kinga hiyo hupita mabegani na kukutana mgongoni. Mchezo mzima inasugua. Mgongoni mwa jezi hii kuna njia mbili ambapo kitambaa kimeota vipele vya nyuzi, zikishuka kutoka mabegani na kukutana karibu na ukingo wa juu wa namba, ambao nao umechakaa mahali hapo tu. Mbele, ambako kinga huifunika, ni safi kama mpya. Mpigaji angechakaa kwa namna nyingine, na mlaghai mwenye kipande cha msasa angesugua mbele, mahali panapoonekana.

Sabuni huondoa doa, lakini mchubuko wa nyuzi inauacha. Tangu hapo, kabla ya kutafuta madoa, najiuliza kwanza mwenye jezi alicheza nafasi gani na mwili wake uligusa nini.

Marekebisho: barua sasa ina mstari uliopigiwa kistari chini, "Tafadhali msiifue, hata kama inawatia aibu."

Mei 2024: State College, na namba yenye kivuli

Mipaka ya miaka imenisaidia sana hapa. State College Spikes ilikuwa chini ya Pirates kuanzia 2007 hadi 2012 tu; mwaka uliofuata ikawa chini ya St. Louis Cardinals. Jezi ya Spikes ya 2014 ni jezi halali kabisa, ila haiko kwenye ngazi hii. Nilirudisha moja kwa sababu hiyo, na aliyenitumia aliona nina matatizo. Ligi waliyocheza, New York–Penn, iliyoanza 1939, nayo imekufa: klabu zilizo chini ya ligi kuu zilipopunguzwa kutoka 160 hadi 120 kwa ajili ya msimu wa 2021, miji mingi midogo ilibaki na uwanja usio na timu ya ngazi. State College bado inacheza, lakini katika ligi ya vijana wanaosubiri kusajiliwa. Ofisi zikihama, kumbukumbu za vifaa huenda jalalani, kwa hiyo anayetaka kuanza asingoje.

Jezi niliyoipata ni ya mchezaji wa ndani, yaani mlinzi wa eneo la vituo, aliyevaa namba 7 mwaka 2011. Aliomba dola 40, nikampa 60. Vijana hawa walicheza kwa ujira wa kusikitisha. Mkataba wa pamoja wa wachezaji na ligi wa 2023 ndio uliopandisha kima cha chini cha mshahara wa ngazi ya juu kabisa ya klabu ndogo kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka, na huyu alikuwa ameshaacha mpira zamani. Kubishana naye bei kungeniondolea raha ya jezi.

Kila kitu kilikaa sawa: mwaka kwenye lebo, saizi, rangi. Kilichonisumbua ni kwamba ile 7 ilikaa katikati ya mgongo, na upande wake wa kushoto kitambaa kilikuwa na mng'ao tofauti kidogo. Nikaipeleka kwa fundi cherehani Mkongomani ninayemfahamu hapa Pittsburgh, mama wa Bukavu ambaye ameshona na kufumua nguo maisha yake yote. Hakuvaa hata miwani. Aliinyoosha jezi mbele ya dirisha, akapitisha kidole.

"Hii saba ilikuwa na mwenzake, baba. Ona, iko matundu ya sindano hapa, yanashuka yote sawa. Walimutoa mwenzake, wakasogeza yeye katikati."

"Mwenzake alikuwa nani, mama?"

"Moja. Hakuna namba ingine yenye kunyooka hivi."

Jezi ilianza maisha ikiwa 17. Klabu ndogo hufanya hivi kila siku: jezi haitupwi mpaka iishe, mchezaji akiondoka namba inafumuliwa na kushonwa upya. Hata jezi za klabu kubwa, hasa zamani, zilikuwa zikishushwa chini, jina likabanduliwa na herufi za mji mwingine zikashonwa mahali pa zile za kwanza. Kuna wanaozinunua na kuzirudisha zilivyokuwa ili ziuzwe kama za nyota fulani. Hawasemi wamefanya hivyo, nyuzi ndizo zinazosema.

Nilimwandikia mwenye jezi. Akashangaa, akacheka, akasema hakujua. Msimu ule aliikuta kabatini imeshakuwa 7. Nimeiandika kwenye daftari kama jezi ya watu wawili, wa pili akijulikana. Sitaifumua. Fundi nilimpa dola 20, na siku hizi kila jezi inapita dirishani kwake kabla ya kuingia kwenye boksi.

Aliyekulia Moshi karibu na soko la mitumba la Memorial hawezi kusingizia kwamba hajui kusoma lebo na mishono. Tulizoea kugeuza nguo ndani nje kabla ya kuuliza bei. Lakini huyu mama ni kiwango kingine.

Julai 2024: Altoona, kocha na usiku wa Erie

Stempu imepanda hadi senti 73.

Katika besiboli kocha huvaa jezi kamili, na namba mgongoni. Mfikirie kocha wa Simba au Yanga ukingoni mwa uwanja kavaa kaptura na soksi ndefu, ndipo utaelewa ninavyoshangaa mpaka leo. Connie Mack, aliyeiongoza Philadelphia Athletics kwa nusu karne hadi 1950, alisimama benchi akiwa na suti, na mpaka leo watu humkumbuka kwa hilo.

Kwa mkusanyaji makocha ni hazina. Jezi zao ni rahisi kwa bei, wao hukaa na klabu muda mrefu kuliko wachezaji, na hawatupi vitu. Kocha wa zamani wa Altoona Curve alinikaribisha kwake, safari ya kilomita kama 150 kutoka hapa. Klabu imepewa jina la ule mpindo maarufu wa reli unaopanda mlima karibu na mji, na imekuwa chini ya Pirates tangu ilipoanzishwa 1999, kwa hiyo mwaka wowote unafaa. Nilimpelekea kahawa ya Kilimanjaro. Alikataa pesa, kahawa akaichukua kwa mikono miwili.

Alinipa jezi nyeupe na hadithi yake. Ndiyo aliyoivaa, akasema, usiku mwamuzi alipomfukuza uwanjani kule Erie, kwa wapinzani, baada ya kubishana kama mchezaji aliguswa na mpira au hakuguswa kwenye kituo cha nyumbani, pale pointi inapopatikana. Aliigiza ugomvi wote sebuleni. Mkewe alikuwa akitikisa kichwa jikoni.

Tatizo: jezi nyeupe huvaliwa nyumbani. Ugenini ni ya kijivu, au ya rangi. Kama ugomvi ulikuwa Erie, jezi ile haikuwepo. Kama jezi ilikuwepo, ugomvi haukuwa Erie. Sikumwambia siku hiyo. Mzee anaposimulia usiku wake mkubwa, mgeni anakunywa kahawa na kusikiliza.

Nikaanza na picha za magazeti. Hapo nikakwama vibaya, kwa sababu makocha hupenda kuvaa fulana nzito au koti juu ya jezi, hata jioni isiyo na baridi. Picha baada ya picha, kocha yupo, jezi haionekani. Kadi za wachezaji za klabu nazo hazikusaidia. Picha za kadi hizo mara nyingi hupigwa siku moja mwanzoni mwa msimu, na jezi ya siku hiyo si lazima iwe ile mtu aliyovaa baadaye.

Mlango ulifunguliwa na ule ugomvi wenyewe. Katika gazeti la mji, msimu ule, iko habari ya kocha kufukuzwa katika mechi dhidi ya Erie, ila iliyochezwa Altoona. Aliukumbuka mji wa wapinzani, akauhamishia ugomvi huko. Na habari ilikuwa na picha: kalitupa koti chini kwa hasira, mikono hewani, jezi nyeupe kifuani wazi.

Picha ya gazeti lililopitishwa kwenye skana haitoshi kuthibitisha kitu; ni nukta tupu. Niliomba nakala kubwa kutoka kwenye hifadhi yao, dola 40. Ndipo nikaweza kulinganisha. Kwenye jezi ya vifungo, jina la klabu linalopita kifuani hukatwa mahali pa mstari wa vifungo, na nusu mbili hushonwa mbalimbali. Hazikutani sawasawa hata siku moja, na kila jezi hukosea kwa namna yake. Kwenye hii, herufi iliyokatwa imepanda upande wa kulia kwa upana wa nyuzi kadhaa, na ncha yake ya chini inagusa tundu la kifungo. Kwenye picha ni vilevile. Nilipata pia mahali ambapo ukingo wa namba ya mbele unakata vitundu vya kitambaa, vinalingana.

Nilimpigia simu. "Kocha, haikuwa Erie. Ilikuwa nyumbani."

Akanyamaza. Halafu akamwita mkewe, na nikasikia sauti ya mama kutoka mbali: "Miaka yote hii nakuambia!"

Somo la kazi, kwa atakayenifuata: neno la aliyeivaa ni lazima, maana bila yeye hujui pa kuanzia. Lakini liandike kama dai, kisha ulitafutie kitambaa cha kuliunga mkono. Mzee huyu hakunidanganya hata kidogo, na bado ningeandika kwenye daftari jambo lisilowahi kutokea.

Agosti 2024: Taa, sabuni, na dola milioni 24

Nilinunua tochi ya urujuanimno, jamii ya zile za kukagulia noti bandia, kwa dola 15. Wakusanyaji huitumia kwa sababu nyuzi nyingi za kisasa hung'aa buluu chini yake na za zamani hazing'ai. Namba iliyoshonwa upya kwa uzi mpya hujitangaza.

Jezi ya West Virginia iling'aa yote kama taa ya disko. Sababu ni sabuni: sabuni za kufulia za leo huwekwa kemikali za kung'arisha weupe, ambazo zenyewe hung'aa chini ya mwanga huu. Nguo iliyofuliwa kwa sabuni za aina hiyo ni vigumu kuipima hivi. Tochi imenifaa kwa jezi ya State College, ambako uzi wa ile 7 unang'aa zaidi ya ule wa mbele, na kwa nyingine zote si zaidi ya mchezo wa watoto. Ningeanza upya, pesa hiyo ningempa fundi.

Mwezi huuhuu jezi ya Babe Ruth, nyota mkubwa wa zamani wa besiboli, aliyoivaa katika fainali za 1932 imeuzwa mnadani kwa dola milioni 24.12. Jezi hiyohiyo iliuzwa 2005 kwa dola 940,000. Bei za vitu hivi zimepanda kwa jumla, ni kweli, lakini kati ya mauzo hayo mawili wataalamu waliilinganisha na picha na kuitambua kuwa ndiyo ya mchezo wa tatu wa fainali, pale Chicago. Upande wa pili wa shilingi ni Barry Halper, mkusanyaji aliyesifika kuliko wote wa zama zake: jezi ya 1919 ya mchezaji Joe Jackson iliyotoka kwake ikafika mpaka jumba la makumbusho la besiboli la Cooperstown, na baadaye uchunguzi wa maabara ukaonyesha si ya kweli. Hadithi yake ilikuwa nzuri, na ilitajwa kuwa imetoka kwa mjane wa mchezaji. Kitambaa hakikukubaliana nayo.

Septemba 2024: Bradenton, na saini isiyoombwa

Bradenton ni Florida, mji ambao Pirates wamekuwa wakifanyia mazoezi ya kabla ya msimu tangu 1969, na klabu yao ndogo, Marauders, ilianza pale 2010. Jezi imetoka kwa mrushaji wa akiba, dola 85 pamoja na posta. Ni safi mno, na kwa mchezaji mwingine ningeitilia shaka. Lakini mrushaji wa akiba hukaa nje ya uwanja akiwa na koti, huitwa kwa dakika chache, hatelezi chini, haanguki. Uchakavu pekee uko kwenye pindo la mkono wa kurushia na kwenye kola. Nafasi yake na hali ya jezi vinaelewana.

Picha sijaipata bado, na hapa lawama ni ya ukarimu tena. Kabla ya kutuma aliitia saini kifuani kwa kalamu nene, kubwa, kwa upendo. Wino kwenye poliesta hausimami. Umetambaa kwenye nyuzi na kufunika sehemu ya herufi iliyokatwa na vifungo, yaani palepale nilipotaka kulinganisha. Kutoa wino ni kuharibu kitambaa. Umebaki.

Marekebisho: barua sasa inaomba saini iwekwe kwenye karatasi ya maelezo. Anayesisitiza kusaini jezi, naomba asaini juu ya namba ya nyuma, ambayo ni kitambaa kizito, huku imebanwa kwenye ubao.

Karatasi hiyo ya maelezo nimeigawa sehemu mbili baada ya kisa cha Altoona. Juu: ninachokijua, yaani nilicheza au kufundisha klabu hii, msimu huu, namba hii, jezi niliipata hivi. Chini: ninachokikumbuka, yaani mechi na matukio. Sehemu ya juu inasainiwa. Ya chini ni ya masimulizi, na watu huandika kwa uhuru zaidi wakijua hawafungwi nayo.

Uhifadhi ni wa kawaida: maboksi na karatasi zisizo na asidi, jezi imelazwa, mikunjo imejazwa karatasi ili isikatike, mbali na jua, bila mfuko wa plastiki. Hakuna hanga. Zangu zote ni poliesta, kwa hiyo nondo hawanisumbui. Mwenye jezi za sufu za kabla ya miaka ya 1970 ana vita vingine. Ni Pirates hawahawa waliokuwa wa kwanza ligi kuu kuacha sufu, 1970, walipohamia uwanja wa Three Rivers.

Desemba 2024: Indianapolis

Kipandio cha mwisho kabla ya Pittsburgh, na ndicho kigumu. Indianapolis Indians wako chini ya Pirates tangu 2005, na wachezaji wa ngazi hiyo wengi waligusa ligi kuu japo kwa siku chache, kwa hiyo wanajua bei.

Mmoja alitaka dola 900. Jezi alisema ni yake, ila jina la mgongoni halipo, limebanduliwa, na hakukumbuka nani alilibandua. Nikaomba picha za mgongo kwa mwanga wa dirisha. Zilipokuja nikampelekea fundi kwenye simu. Alikuza, akakuza tena.

"Baba, jina lake iko na herufi ngapi?"

Nikamwambia sita.

"Hii kibandiko ilikuwa ndefu. Sita haifiki huku pembeni."

Nilimshukuru mwenye jezi na kumweleza tulichokiona, bila kumshutumu. Jezi za mazoezi na za akiba huzunguka, na inawezekana kabisa aliivaa siku fulani ikiwa ya mtu mwingine. Hajajibu.

Nimegeukia kwa watunza vifaa. Yule kocha wa Altoona ndiye aliyenisukuma huko: alisema mchezaji anakumbuka mechi, lakini mtunza vifaa anakumbuka nguo, maana ndiye aliyeifua usiku. Hawatanipa jezi, kwani sheria yangu ni kuipokea kwa aliyeivaa, lakini wanajua nani alinunua ya kwake msimu ulipoisha. Nimepata majina mawili kwa njia hiyo. Wote wawili ni makocha wa vyuo, na barua zimekwenda vyuoni.

Gharama hadi sasa: State College 60, Bradenton 85, posta ya West Virginia 14, kahawa ya Kilimanjaro 22, picha ya gazeti 40, fundi 20, tochi 15, maboksi mawili 76, karatasi 25, mafuta ya gari karibu 150, stempu na bahasha karibu 60. Inakaribia dola 570 kwa jezi nne, na ukitazama vizuri, jezi zenyewe ndizo zilizokula kidogo. Fungu la mwakani nimeliweka kwenye picha za hifadhi za magazeti, na nyongeza kwa fundi, ambaye ameanza kuniuliza kila Jumapili kama yule wa herufi sita amejibu.